Tochi kiganjani, tui la nazi na ubongo unaovimba

Umeme ukikatika usiku, watoto hawakosi mchezo. Mmoja huchukua tochi ya simu, akaiziba kwa kiganja, na mkono mzima ukawaka wekundu kama kaa. Wenzake watamtisha mdogo wao kwamba huyo ni jini, kisha kila mmoja atataka zamu yake. Ubao mwembamba huizuia tochi ile, lakini nyama yenye mifupa ndani yake inaipitisha. Tena inapitisha nyekundu peke yake: tochi ni nyeupe, mkono ni mwekundu. Na mifupa haionekani. Anayetarajia kuona vidole kama kwenye picha ya eksirei ataona wekundu uliosambaa tu, kana kwamba kiganja kimejaa ukungu.

Nuru inapita, inayopita ni nyekundu, na ikipita inatawanyika. Kwa karibu miaka hamsini sasa watafiti wamekuwa wakijenga juu ya mambo hayo, wakitafuta namna ya kujua kama ubongo wa mgonjwa unavimba bila kulitoboa fuvu lake.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Ukimwambia mtu kuwa fulani ana uvimbe kichwani, ataelewa kinundu, na moja kwa moja atawaza saratani. Sizungumzii hicho. Nazungumzia ubongo wenyewe kuvimba, kama kifundo cha mguu kinavyovimba ukiteguka. Ila kifundo kina pa kwenda: ngozi hutanuka, kiatu huvuliwa. Ubongo hauna. Ndani ya fuvu la mtu mzima kuna takriban mililita 1,400 za ubongo, 150 za damu, na 150 za yale maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mfupa umeziba pande zote. Alexander Monro wa Edinburgh alilieleza hilo mwaka 1783, George Kellie akalitilia nguvu mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, kingine sharti kipungue.

Konda wa daladala husema "sogeeni nyuma, nafasi ipo", na kweli nafasi hupatikana. Fuvu nalo lina ukonda wake. Husogeza maji yashuke kwenye uti wa mgongo, husukuma damu ya veni itoke, na kwa muda shinikizo hubaki lilipokuwa. Ndiyo maana mtu aliyeanguka na bodaboda huweza kuonekana mzima, anaongea, anaomba chai. Nafasi ile ikishaisha, mililita chache za ziada hupandisha shinikizo ghafla. Damu mpya hushindwa kupanda, seli hukosa oksijeni, zinazidi kuvimba, na mwishowe ubongo hujisukuma kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, mahali penyewe vinapokaa vituo vya kupumua.

Mtu mzima aliyelala huwa na shinikizo la milimita 7 hadi 15 za zebaki ndani ya fuvu. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa Marekani wa mwaka 2016 unataka matibabu yaanze likivuka 22. Namba hizo ni ndogo ukilinganisha na presha ya mkononi tuliyozoea, na hapo ndipo hatari yake: pembeni mwa kitanda hazionekani.

Kwetu suala hili si la ajali na kiharusi tu. Kuna mtoto aliyeshikwa na degedege, akapoteza fahamu, ile tunayosema malaria imepanda kichwani. Huko Kilifi, watafiti waliwawekea vipimo vya shinikizo watoto 23 wa Kenya wenye malaria ya ubongo, na matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Wanne kati yao walipanda zaidi ya 40. Wawili walifariki, na wawili waliobaki waliondoka na ulemavu mkubwa. Baadaye, Blantyre nchini Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipata mashine ya MRI, na watoto 168 wakapigwa picha. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kwanza. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa hivyo ni 39. Waliopona walipopigwa picha tena, ubongo ulionekana ukinywea. Maana yake ni kwamba kuvimba huku kunaweza kupita, mradi mtoto avushwe saa zile mbaya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015, na kwa muda mrefu kabla yake watu walikuwa wakibishana kama kuvimba ndiko kunakoua au la.

Sasa saa zile mbaya zinaonekana vipi? Njia ya uhakika ni kutoboa fuvu na kupitisha mrija au waya wenye kipimo, kazi ambayo Nils Lundberg wa Sweden aliiweka kwenye misingi ya kisayansi mwaka 1960. Inahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo, na tundu lolote huweza kuleta damu au maambukizi. CT na MRI hutoa picha ya dakika ile tu, na mgonjwa inabidi asafirishwe na mitungi yake ya oksijeni. Kinachobaki wodini ni nesi na tochi.

Niliwahi kukaa na ndugu yangu wodi ya mahututi, na kitu kilichonikaa kichwani ni ile ziara ya kila saa. Nesi anakuja, anamwita mgonjwa kwa jina, anambana kidogo juu ya jicho aone kama atakunja uso, kisha anainua kope na kumulika. Mboni ikinywea haraka, anaandika na kwenda. Niliona ni kama desturi tu. Baadaye nikaelewa anachokitafuta: ubongo ukisukumwa chini hubana neva inayokaza mboni, na jicho la upande ule hubaki wazi likiwa limepanuka. Tatizo ni kwamba dalili hii huja ikiwa imechelewa. Mboni ikigoma, daladala imeshajaa zamani.

Aliyelifungua dirisha jipya ni Frantz Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa nyumbani mezani, akashika mfupa bapa wa nyama ya ng'ombe mbele ya taa, akaona kivuli cha kidole chake kupitia mfupa. Ikiwa mfupa unapitisha nuru, fuvu je? Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba nuru iliyo ng'ambo kidogo ya nyekundu, ile ambayo jicho halioni, inapita kwenye kichwa cha paka na kutoka na habari za oksijeni.

Kwa nini nuru hiyo na si ya bluu? Himoglobini ya damu hufyonza bluu na kijani kwa pupa. Kuanzia nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi hulegea. Ukivuka 900 na ushee, maji nayo huanza kufyonza. Katikati ya damu na maji kuna uchochoro, na vifaa karibu vyote vya aina hii hupita humo.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Taa ndogo huwekwa kwenye paji la uso, na kipokezi huwekwa kando yake, sentimita tatu hivi. Nuru huingia, hugongana na kila kitu, na sehemu ndogo mno hurudi juu pale kipokezi kilipo. Njia ya ile iliyorudi huinama kwenda ndani kisha hupanda, na wataalamu huiita ndizi, kwa kuwa ukiichora ni ndizi kabisa. Ukitenganisha taa na kipokezi zaidi, ndizi huzama zaidi, lakini nuru inayorudi hupungua kwa kasi. Ukitumia taa na vipokezi vingi kofia nzima, kompyuta inaweza kupanga ndizi zote hizo ikatoa ramani ya rangi. Picha hiyo haitafanana na MRI; ni ya ukungu, kama kiganja cha mtoto.

Makala nyingi za habari hapa huteleza. Husema kifaa kimepima shinikizo la ubongo kwa nuru. Nuru haipimi shinikizo. Haina mkono wa kusukuma wala kusukumwa. Inachoweza ni kuhesabu damu, kuonja maji, na kuona mwendo. Shinikizo hukisiwa kutokana na hayo, na makisio yana ubora wake kulingana na kilichopimwa.

Damu ndiyo rahisi. Himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza rangi tofauti, na zikitumwa nuru mbili, mahesabu hutenganisha. Ni kanuni ileile ya kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa korona, ambacho mzizi wake ni kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974. Tofauti ni kwamba kibanio hushika mapigo ya ateri peke yake, na kifaa cha kichwani husoma mchanganyiko wa mishipa yote, zaidi ikiwa ni veni. Kwa hiyo asilimia 65 kichwani haimtishi mtu, ilhali kidoleni wangekimbia kutafuta mtungi. Damu iliyomwagika nayo huonekana: kifaa kiitwacho Infrascanner, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2011, hulinganisha kushoto na kulia katika sehemu nne za kichwa, kwa sababu donge la damu hunywa nuru kuliko upande mzima. Hukamata donge la mililita 3.5 kwenda juu, lisilozidi kina cha sentimita 2.5. Donge la ndani zaidi hukiponyoka, na madonge yaliyo sawa pande zote mbili hukichanganya.

Maji ndiyo yenye utamu, na hapa naomba tuingie jikoni.

Kamua nazi, tui la kasimile, lile zito la mwanzo. Limimine kwenye glasi na uweke tochi nyuma yake. Glasi yote itang'aa nyeupe, lakini tochi yenyewe huioni ilipo. Tui halijainywa nuru. Matone ya mafuta yameigonga huku na huku mpaka imesahau ilikotoka. Ongeza maji kidogo kidogo, kama unayefikia tui la pili na la tatu. Kuna mahali utaanza kuona doa la tochi nyuma ya glasi. Hukuondoa hata tone moja la mafuta. Umeyapa nafasi tu, na nuru inapita ikigongana mara chache.

Ubongo ni kasimile. Vinavyogonga nuru ni kuta za seli, viini vyake na chembechembe nyingine zilizobanana. Mishipa ya damu ikivuja, maji huingia katikati ya seli na kuzitenganisha, na nuru hutawanyika kidogo kuliko ilivyokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Riverside walionyesha kupungua kwa namna hiyo kwa panya waliokuwa wamejazwa maji mwilini kupita kiasi: ubongo ulipovimba, kufifia kwa nuru ilipopita kwenye gamba la ubongo kulipungua kuliko mwanzo. Kwa hiyo kifaa kinaweza kufuatilia mambo mawili kwa pamoja, maji yenyewe kufyonza nuru karibu na nanomita 970, na tui kuwa jepesi.

Ila si kila kuvimba ni kuvuja. Tangu Igor Klatzo alipozipanga aina zake mwaka 1967, madaktari hutenganisha kule ambako mishipa inavuja na kule ambako seli zenyewe, zikikosa nguvu ya kusukuma chumvi nje, hunywa maji yaliyokuwa jirani yao. Katika aina hii ya pili maji yamehama chumba tu. Jumla yake mwanzoni haijabadilika sana, na anayehesabu maji peke yake atadanganyika. Na katika malaria, chembe nyekundu zilizobeba vimelea hunasa kwenye mishipa midogo ya kichwani, damu ikasongamana. Watoto watatu wenye fuvu lililojaa sawasawa wanaweza kuwa wamejaziwa vitu vitatu tofauti. Shinikizo lingewapa namba ileile. Nuru, ikitumiwa vizuri, ndiyo ingeweza kuwatenganisha, na kwangu mimi faida yake kubwa iko hapo kuliko kwenye ndoto ya kuwa mbadala wa mrija.

Mwendo nao una watu wake. Leza ikimulika nyama, hutokea vidoa vinavyomemeteka, na kasi ya kumemeteka huenda na kasi ya chembe nyekundu za damu. Kila pigo la moyo huacha wimbi lenye umbo lake. Shinikizo la fuvu likipanda, damu huzidi kupata shida kupita kati ya pigo na pigo, na umbo lile hubadilika. Makundi ya watafiti huko Barcelona na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, yameifundisha kompyuta kusoma mawimbi hayo na kukisia shinikizo. Bado ni kazi ya maabara na wagonjwa wachache.

Kuna njia nyingine ya nuru ambayo haina haja ya kuhangaika na mfupa. Neva ya jicho ni mkia wa ubongo. Imevikwa utando uleule na kuzungukwa na maji yaleyale. Shinikizo likipanda kichwani, husafiri hadi nyuma ya jicho na kuvimbisha kichwa cha neva. Hermann von Helmholtz alipotangaza kioo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, hakuhitaji kusubiri sana. Kufikia 1860 Albrecht von Graefe alikuwa ameshaunganisha kuvimba huko na shinikizo la kichwani. Siku hizi kuna mashine inayokata picha za tabaka za retina kwa mwangwi wa nuru, iliyotangazwa mwaka 1991 na kundi la David Huang na James Fujimoto, nayo hupima unene kwa sehemu za elfu moja za milimita. Kasoro yake ni uvivu: neva huchukua saa nyingi, pengine siku, kuvimba. Inamfaa mtoto wa kichwa maji anayefuatiliwa kliniki. Aliyegongwa saa mbili zilizopita haimfai.

Hata hivyo jicho lina habari nyingine kwa malaria. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya Blantyre iliyowachunguza baada ya kifo watoto 31 walioonekana kufa kwa malaria ya ubongo. Saba walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Alama zilizowatenganisha wakiwa hai zilikuwa kwenye retina, weupe na vidoa vya damu ambavyo kifaa cha mkononi kinaviona. Kifaa hicho si cha gharama kubwa. Mtu aliyezoea kukitumia kwa mtoto aliyezimia ndiye adimu.

Kwa mtoto mchanga, kichwani kumeachwa mlango. Bibi zetu hutazama utosi: ukibonyea mtoto amekaukiwa maji, ukitutumka kuna jambo. Mfupa wenyewe bado mwembamba na kichwa ni kidogo, kwa hiyo ndizi ya nuru hufika mbali. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 vifaa hivi vilianzia kwa watoto njiti, Duke na London. Mtu mzima ni habari nyingine. Ngozi na mfupa hula zaidi ya sentimita moja ya safari, na sentimita tatu za kutenganisha hukupeleka gamba la juu tu. Ubongo ukivimba katikati, kifaa cha paji la uso kinaweza kukaa kimya. Ngozi yenyewe ina damu yake, na mgonjwa akipata homa au dawa ya kubana mishipa, namba itacheza bila ubongo kuhusika. Kwa hiyo msomaji mzuri wa vifaa hivi haangalii namba. Anaangalia mstari, unashuka au unapanda tangu saa moja iliyopita.

Tena kupima si kutibu. Bolivia na Ekwado, wagonjwa 324 wa majeraha ya kichwa waligawanywa: wengine walitibiwa kwa kufuata mrija wa shinikizo, wengine kwa CT na uchunguzi wa kitandani. Matokeo ya mwaka 2012 hayakuonyesha mrija kushinda. Mulago, Kampala, watoto wenye malaria ya ubongo walipewa manitoli ya kupunguza kuvimba, na utafiti uliochapishwa 2007 haukuona faida. Kwa hiyo anayeuza kifaa cha nuru kwa hospitali ya wilaya aulizwe swali moja la kikonda: mstari ukishuka saa nane usiku, tunafanya nini? Jibu zuri ninaloliona ni la rufaa. Wagonjwa kumi wa ajali, gari la wagonjwa moja, CT iko mkoani. Nani atangulie?

Halafu kuna rangi yetu. Melanini nayo hunywa nuru. Watafiti wa Michigan walichapisha mwaka 2020 kwamba kibanio cha kidoleni kilipoonyesha oksijeni ni nzuri, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa kwa kweli na upungufu, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Vifaa vya kichwani vina ugonjwa huohuo, na juu yake kuna nywele. Nywele nyeusi zilizosokotana hufyonza nuru na kukiinua kipokezi kisiguse ngozi. Huko Keneba, Gambia, ambako watoto wachanga wa kijijini walivalishwa kofia za nuru na kazi yao kuchapishwa mwaka 2014, angalau vichwa vilikuwa vya vichanga. Kwa mwanamke aliyetoka ajalini na rasta mpya za saa sita, nesi atalazimika kuchukua mkia wa kitana na kugawa nywele pale kila taa inapokaa, au kutumia paji la uso peke yake na kuacha kichwa kingine gizani.

Huko Pittsburgh, wanaopima umeme wa ubongo, ambao wana shida hiyohiyo, wametengeneza vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa kulala. Mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, mipana, ngozi ikionekana waziwazi katikati: kwa nuru huo ndio msuko bora, na husukwa kwa dakika chache. Kwetu una jina lake, twende kilioni. Sijui ni nesi gani atakayethubutu kulitamka mbele ya ndugu wa mgonjwa.